Presha na Biriani ya Arusi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Presha imepanda tena. Nesi Emmaculate kaguna alipotazama mashine, na mwanangu Intisar yuko pale pale, kasikia! Kutoka zahanati mpaka nyumbani Bofu hakunyamaza: Mama, isiposhuka, biriani ya arusi yangu hupiki wewe. Atapika Kahaso. Kahaso jirani yangu, shoga yangu, nampenda. Lakini biriani yake... haya, nisimseme. Nimewapikia watu arusi zao tangu Intisar hajazaliwa. Leo ya mwanangu mwenyewe nikae kama mgeni? Wallahi sikubali!

Jumatano, 6 Agosti
Emmaculate kanipa habari. Zahanati wamekuja watafiti, wanatafuta watu wa presha. Humtia mtu wasiwasi kusudi, kisha wakampima mate! Eti kuna homoni, kotisoli, hupanda akili ikisumbuka. Wanataka kujua kwa sisi wa presha hupanda kiasi gani, hukawia vipi kushuka. Nimesema niandikeni. Nina wasiwasi wa kutosha, nawagawia.

Jumanne, 12 Agosti
Lo! Mbavu zaniuma kwa kucheka. Lakini asubuhi sikucheka.
Naingia chumbani, vijana wawili nyuma ya meza, nyuso zimekunjwa. Nangoja shikamoo. Kimya. Nikaanza mimi: hamjambo wanangu? Kimya! Mmoja, Gedion, kijana wa bara, akaniamrisha nianze elfu moja, nitoe kumi na tatu, nizidi kushuka, kwa sauti. Hesabu gani tena! Mtu mzima kama mimi, mama wa watu, nisisalimiwe? Moyo wagonga mpaka masikioni. Nikamwambia: baba, hapa Likoni hatuanzi na hesabu, twaanza na salamu.
Binti aliye kando yake, Tima, mtoto wa hapa hapa, akashindwa. Akainuka — shikamoo mama, tuwie radhi, tumekatazwa! Kumbe ndiyo sheria ya jaribio: wawe wakavu, wasicheke, wasijibu, ndipo mtu aingie wasiwasi. Marahaba mwanangu! Tukacheka sote, hata Gedion. Jaribio limeharibika. Pamba zao za kunyonya mate nikazitafuna vivyo hivyo, wakazitia kwenye vichupa.

Ijumaa, 15 Agosti
Gedion kaja na majibu. Shikamoo yake aliipiga toka nje ya mlango! Kwenye utafiti hayafai tena, lakini mate wameyapima. Kotisoli ilipanda sana. Na ikakaa juu — hata wakati tunacheka! Mimi nishasahau, mwili bado. Emmaculate kasema ndivyo wanavyoshuku kwa wengi wa presha: hasira inapita, homoni inachelewa kushuka.
Hilo limeniingia. Nikaogopa, sifichi. Intisar kanishika mkono: Mama, nataka uwepo nikizaa. Basi nikalia, naye akalia, na hina yake ndiyo kwanza imepakwa! Dawa nimemeza bila kukumbushwa. Kahaso apike.

Jumamosi, 16 Agosti
Vigelegele tangu alfajiri! Nyumba imejaa, Intisar ang'ara, mashallah. Nimekaa kitini uani, roho kunjufu kabisa. Mpaka nikamwona Kahaso akikaanga vitunguu. Moyo huo, ukaanza!
Nikamwita Emmaculate, kaja arusini na mashine mkobani. Intisar katoa sharti: ikiwa sawa, naongoza mimi, Kahaso akoroge. Ikiwa juu, nikalale chumbani mpaka chakula kiive.
Emmaculate kanifunga mashine mkono wa kushoto. Miguu chini, kimya, nitulie kwanza kabla hajabonyeza. Nikauliza: na kuandika je? Kasema afadhali kuandika kuliko kusema. Intisar kasimama nyuma yangu, mkono begani, bibi arusi mzima kwenye moshi!
Kahaso anachota masala. Vitunguu havijageuka hata rangi! Ananitazama, ataka neno. Emmaculate kidole mdomoni: usiseme.
Nageuza ukurasa, naandika kubwa, namwinulia aone —
VITUNGUU BADO
Kahaso miwani kaiacha kwake. Akaza macho. Mashine nayo sasa inabana —