Murembe Niliouandika Amani

Alhamisi, mwaka wa pili wa Uhuru. Mvua ya mawe imetupiga tangu saa nane mchana, sasa ni rasharasha tu. Moyo wangu mzito.

Nimekaa hemani hapa kambini Buyangu, daftari la kazi mbele yangu. Mimi ni karani na mkalimani wa timu inayotafuta gesi. Wataalamu wanafyeka mstari ulionyooka katikati ya mashamba hadi msituni, wanalipua baruti ndogo ardhini, kisha wanasikiliza mwangwi. Kabla mstari haujapita, kazi yangu ni kumuuliza mwenye boma kama kuna kitu kisichoguswa.

Niseme ukweli, gesi naitaka. Mama yangu kule Mumias amekohoa moshi wa kuni maisha yake yote. Nilipoambiwa kwamba siku moja atazungusha kitufe na moto uwake, niliikubali kazi hii papo hapo.

Wiki iliyopita nilifika kwa Kukhu Ayuma. Kukhu ni nyanya. Hata wasio wajukuu wake humwita hivyo. Nilimsalimu "Mulembe", yaani amani, kama tunavyosalimiana sisi Waluhya. Kisha nikaingia kwenye Kiswahili, kwa sababu mtaalamu alikuwa nyuma yangu nami nilitaka nionekane mtu wa ofisi. Nikauliza kama mstari unaweza kupita nyuma ya nyumba.

"Hapa iko mulembe," alijibu. "Ata mtoto anajuanga."

Nikaandika: Amani. Hakuna pingamizi.

Huku kwetu r na l zinalala kitanda kimoja. Nimeelewa nikiwa nimechelewa: Kukhu hakusema amani. Alisema murembe, ule mti wa maua mekundu usiokatwa hata kwa kuni, kwa sababu ni mti wa kiapo. Mumewe na jirani yao waligombania mpaka wa shamba kwa miaka mingi, mwishowe wakaapa chini yake, na ugomvi ukaisha. Nilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Sikwenda kutazama, kwa sababu nyasi zilikuwa na umande nami nilikuwa na viatu vipya.

Viatu.

Jumatatu mti ukakatwa. Mimi nilikuwa nimeshatangulia hadi boma la tatu. Vibarua wa huku waliweka mapanga chini wakaenda zao, nasi tukasema ni wavivu. Vibarua waliotoka mbali ndio walioukata.

Leo nimerudi. Shina limelala na maua yake, na ndege wadogo wanazunguka pale juu palipokuwa na matawi, hawajui watue wapi. Ndani ya msitu, mstari ulipopita, mbega wamekaa upande mmoja wanatazama upande wa pili. Mbega huvuka kwa matawi, hapendi kushuka chini. Mtaalamu anasema watazoea. Si mtu mbaya. Alivua kofia mbele ya ule mti na akaomba msamaha kwa dhati.

Nilimwambia Kukhu kwamba kosa ni langu. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kuona ua jipya la miti. Jana wana wa jirani walilisogeza hadi katikati ya mahindi yake.

"Wanasema kiapo ilikuwa ya mti," aliniambia, "na sasa mti haiko."

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata wiki moja.

Nimefungua daftari nikakata neno Amani, nikaandika Murembe juu yake. Haimsaidii Kukhu, najua, lakini uongo usikae hapo kwa mwandiko wangu. Nimemwambia mtaalamu kwamba kuanzia kesho nitauliza kwa Kiluhya, na sitaandika chochote kabla sijalizunguka boma kwa miguu yangu, umande au tope. Amenung'unika kuhusu muda, kisha akakubali. Gesi bado naitaka. Sijui tu kama mama angeifurahia akijua ilipitia wapi.

Nilipoondoka nilimuaga Kukhu, "Mulembe." Alinitazama tu, hakuitikia.

Kesho asubuhi nitasimama mlangoni pa mtu mwingine, na salamu yetu ni ile ile moja. Nitaitamka vipi?