Windows Saba ya Sista Halima

Jumanne, 2 Septemba

Nimefungua duka saa mbili kasorobo. Vumbi la hapa Chaka limeingia hadi ndani ya printa. Nimepanguza, nimechapisha mitihani ya shule mbili, nimebadilisha kioo cha simu moja. Siku ya kawaida.

Saa tano akaja Sista Halima kutoka Nanyuki. Ni muuguzi katika kliniki ndogo ya masikio, na nimekuwa nikiwatengenezea kompyuta tangu nilipoacha kufundisha. Kompyuta yao kuukuu ilikufa Julai. Wafadhili wamewapa laptop mpya, nyembamba, nzuri. Shida ni kwamba mashine yao kubwa ya kupima usikivu inaendeshwa na programu ya zamani, na programu hiyo inakubali Windows 7 pekee. Anataka niondoe Windows iliyokuja na laptop, niweke saba.

Tangu Julai amekuwa akipima watoto kwa kifaa kidogo cha mkononi na kuingiza majibu kwenye laptop hiyo. Watoto thelathini na mmoja, wote wa upande wa Doldol. Tarehe 19 wageni watatoka Nairobi kuja kuwawekea vifaa vya kusikia, na kila kifaa hurekebishwa kwa kufuata majibu ya mtoto mwenyewe.

"Fundi, nitoe hizo faili kwanza niweke kwa flashi?"

"Wacha tu, Sista. Nitazitoa mimi. Hii ni kazi ndogo."

Kulikuwa na wateja wawili dukani. Nilitaka wasikie.

Jumatano, 3 Septemba

Si kazi ndogo. Nimeweka Windows 7 kwenye flashi, laptop imewaka, imefika pale pa kuchagua lugha, basi. Mausi haisogei. Kibodi imekufa. Nimechomeka kibodi ya nje, nayo imekufa. Saba ni ya zamani, haizijui bandari za laptop mpya. Nilikaa nikitazama kishale katikati ya kioo.

Nimempigia Nyambura, ana duka kubwa la kompyuta Nyeri mjini. Nilimfundisha mimi, miaka hiyo ya chuo. Hata kuwasha kompyuta alikuwa hajui. Nilijifanya ninamsalimia tu, kisha nikamdokezea.

Akasema, "Mwalimu, usihangaike kuiondoa hiyo mpya. Iache hapo, kisha weka saba ndani yake, iendeshwe kama programu nyingine. Hakuna kitu kitaguswa."

Nikamwambia nitaangalia. Sitaangalia. Windows 7 nimeifundisha darasani miaka sita. Siwezi kuelekezwa saba na Nyambura.

Faili za Sista bado sijazitoa. Flashi yangu kubwa ndiyo iliyobeba Windows.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata njia. Nimeongeza madereva kwenye flashi, zile programu ndogo za kuitambulisha saba kwa bandari mpya, kibodi ikafufuka. Sasa diski haionekani. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, nikazima ulinzi mmoja, nikabadilisha mwingine. Diski ikaonekana.

Nikakumbuka faili. Nikajaribu kurudi kwenye Windows yao nizitoe. Ikakataa. Imeona mipangilio imeguswa, inadai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane. Ufunguo huo sina. Labda wako nao wafadhili. Ningerudisha mipangilio ilivyokuwa, huenda ingefunguka. Lakini hiyo ni kuanza upya.

Halima amepiga simu. Nimemwambia imekaribia.

Ijumaa, 5 Septemba

Naandika ilivyokuwa.

Saa nne Windows 7 ilisema haiwezi kukaa kwenye diski iliyopangwa namna ile. Ili ikae, diski yote lazima ifutwe. Nilijua majibu ya watoto yamo humo. Nilijua sijayatoa. Nilijiambia Halima lazima ana nakala mahali. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilibuni tu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kushindwa na laptop.

Nikafuta.

Saa sita, Windows 7 ikawaka. Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi, nikamwita jirani wa duka la mbolea aje aone. Akasema, "Wewe ni noma, fundi."

Halafu nikaijaribu. Kioo kina herufi kubwa kama za mabango. Mtandao hakuna. Sista aliniachia kebo ya mashine ya kupimia pamoja na kisanduku chake kidogo cha kuunganishia, nikaichomeka. Hakuna kitu. Nikachomeka bandari zote tatu. Hakuna kitu. Laptop haiioni mashine.

Nimefuta majibu ya watoto thelathini na mmoja, na nilichopata hakifanyi kazi.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku nzima ya programu za kufufua faili. Diski ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ule ule, kwa hivyo kinachotoka ni takataka. Hata jina moja la mtoto halikutoka.

Nimemtumia Halima ujumbe kuuliza kama ana nakala. Amejibu: "Si ulisema utazitoa wewe?"

Nimezima simu.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani nilikaa nyuma. Nyawira, mke wangu, aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema tumbo. Akanipikia uji. Nimeunywa uji wa uongo.

Jumatatu, 8 Septemba

Halima alikuja asubuhi. Nilikuwa nimejipanga kusema ukweli. Niliufanyia mazoezi nikifungua kufuli.

Alipoketi nikasema diski ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Kwamba imekufa yenyewe nikiwa ndio kwanza naanza. Niliongea kwa ufundi mwingi, maneno ambayo najua hayajui.

Kisha akasema, "Basi ni mimi. Ningezitoa kwanza. Niliwaza, halafu nikaacha."

Ningeweza kusema hapo. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikamwambia, "Pole, Sista. Hizi vitu huwa hivyo."

Alisahau mtandio wake kwenye kiti. Nikamkimbilia nao hadi barabarani, akanishukuru. Akanishukuru tena kwa kujaribu.

Jumatano, 10 Septemba

Halima amepiga simu. Sauti ya chini. Msimamizi wa kliniki, Bwana Kithinji, amempa barua ya onyo kwa kutoweka nakala. Wageni wa Nairobi nao wameambiwa. Wamesema bila majibu hawawezi kufanya kitu, na vifaa vitapelekwa kwingine.

Aliniomba nimwandikie barua ya fundi kueleza kwamba diski iliharibika yenyewe. Labda itamsaidia.

Nimeiandika. Nimeipiga muhuri wa duka. Kiswahili safi, aya tatu. Nikaisoma tena kuangalia makosa ya tahajia.

Sijawahi kujichukia hivi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeenda Nanyuki kuipeleka barua mwenyewe. Sikumpata Halima. Mlinzi akaniambia ameomba likizo, amepanda lori la wafanyabiashara wa mifugo tangu alfajiri kwenda Doldol. Amebeba kile kifaa kidogo. Anataka kuwapima wote upya kabla ya tarehe 19, na amewaomba wageni wangoje.

"Watoto wote?" nikauliza.

"Atakaowapata. Ni kiangazi, wengi wamehama na ng'ombe."

Kwenye benchi palikuwa na mama na msichana wa miaka saba hivi. Mama akaniuliza kama mimi ni daktari. Walitoka Doldol jana, kwa sababu walisikia majibu ya mtoto yamepotea, wakaja apimwe tena. Wamepishana na Halima njiani.

Nikamwinamia msichana nikamuuliza, "Unaitwa nani?" Alikaza macho kwenye mdomo wangu. Si machoni, mdomoni. Akajibu, "Saba."

Mama akacheka kidogo, akasema, "Anafikiri umeuliza miaka. Watu wengi huanza na miaka."

Anaitwa Naserian.

Barua ilikuwa mfukoni. Nikaenda kubisha kwa Bwana Kithinji. Ni mtu mzima, mtaratibu, alikuwa anakula ndizi. Nikamwekea barua mezani, nikamwambia asome, kisha nikamwambia ni uongo.

"Uongo upi?"

"Wote. Diski haikuwa mbovu. Niliifuta mimi. Sista alitaka kutoa faili mbele yangu, nikamkataza."

Alifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Akauliza, "Na ulijua zimo?"

"Nilijua."

Akaisoma barua mara ya pili, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Nilimwomba niichane. Akasema, "Hapana, hii nitakaa nayo. Onyo la Sista nitaliondoa leo, hilo ni rahisi. Hao watoto sijui nitawaambia nini."

Nilitoka bila kumuaga Naserian. Nilipita mlango wa nyuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyeri. Nimempelekea Nyambura laptop nikamweleza yote, pale pale kaunta. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akanivutia kiti kana kwamba mimi ni mzee.

Akarudisha Windows mpya, akaweka saba ndani yake, kwenye dirisha lake, akaweka programu ya kliniki. Akachomeka kebo ya mashine. Ikasoma mara ya kwanza. Kazi ya saa tatu, pamoja na chai.

"Ni rahisi, Mwalimu," akasema.

Alinifunza na mimi nikaandika kwenye daftari, hatua kwa hatua. Mwishoni akatengeneza ufunguo mpya wa diski, akaunakili kwenye karatasi mbili. Moja ya Sista. Moja ya msimamizi. Yangu hakunipa, na sikuomba.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefika Doldol saa saba. Halima yuko kwenye darasa moja la shule ya msingi. Foleni ya kina mama ukutani, kivuli chembamba. Alikuwa anampima mvulana, nikangoja nje hadi amalize.

Kithinji alikuwa ameshamwambia kwa simu. Nilikuwa na maneno yangu ya kuomba msamaha. Yaliisha mapema.

Akafungua laptop, akaangalia, akaichomeka kwenye betri ya gari waliyoazima. Inafanya kazi. Hakusema asante, na hilo lilinipa nafuu.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Faili ningekusamehea. Kila mtu hukosea. Lakini nilikaa kwa kiti yako nikasema ni mimi, na wewe ukasema pole."

Nikasema, "Ndiyo."

"Siku tatu sikulala nikijiuliza hao watoto nimewafanyia nini."

"Ndiyo, Sista."

"Sitaki uniambie ndiyo. Kaa hapo mlangoni uandike majina."

Nimeandika majina hadi saa kumi na moja. Kumi na tatu leo. Jina, umri, jina la mzazi, wanakoishi. Kila baada ya mtoto mmoja anahifadhi kwenye flashi, kisha kwenye flashi ya pili. Hanitazami anapofanya hivyo. Anajua natazama.

Jumanne, 16 Septemba

Bado Doldol. Nimefunga duka. Nimemweleza Nyawira kwa simu, yote, hata uji. Akaniuliza nalala wapi, kisha akasema nitakaporudi tutaongea.

Wamefika ishirini na mmoja. Kina mama wawili wametembea kutoka mbali sana. Mmoja alinishukuru kwa kazi yangu nzuri. Nikamwambia mimi ndiye niliyefuta majibu ya kwanza. Hakuelewa, au aliamua kutoelewa. Akanishukuru tena.

Jana Naserian alipimwa. Alinitambua.

Ijumaa, 19 Septemba

Wageni walikubali kuja. Ishirini na wanne wamewekewa vifaa. Saba hawakupatikana, wamehama na mifugo na hakuna anayejua watarudi lini. Wageni wameondoka na vifaa vyao saba. Wamesema labda mwakani. Mwaka mzima darasani bila kusikia, kwa wale wanaosoma. Hiyo ni kazi yangu mimi. Nimeandika majina yao nyuma ya daftari hili. Si ya kumwonyesha mtu.

Naserian alipowekewa chake sikuingia. Nilisikia tu kutoka nje, mama yake akimwita jina kutoka pembe moja ya darasa, kisha nyingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu kelele za benchi likisukumwa, na watu wakicheka.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikikunja nyaya. Halima alitoka na kikombe cha chai, akaniwekea pembeni.

"Kunywa, itapoa."

Hakukaa. Alirudi ndani, mtoto mwingine alikuwa anamngoja.

Nilikunywa. Ilikuwa na majani mengi na sukari kidogo. Nyaya nimezikunja zote.