Betri Yangu Inakufa Kila Asubuhi, Nimfukuze Dereva?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi namfukuza mtu, na hasira niliyo nayo hainiruhusu hata kula. Mimi ni mjane hapa Kamembe, nauza mchele, nina Hilux aliyoniachia marehemu, na dereva wangu ni Muderhwa, mtu wa Bukavu, alivuka mpaka na mkewe Épiphanie na watoto vita viliporudi kwao Agosti, mama yake akabaki kule, nami nikawapa chumba uani kwangu bila kuwadai kitu. Betri ya zamani ilikufa kwa uzee, hilo sibishi, nikanunua mpya kabisa, na hiyo mpya kila asubuhi ni kimya, ukizungusha ufunguo unasikia tik tik basi, majirani wanasukuma gari mpaka kwenye mteremko huku wanacheka, na wakulima wananisubiri Bugarama na magunia yamekwisha kufungwa. Nikajua tu ni yeye, anawakodishia watu moto wa betri yangu waonyeshe video, kama wafanyavyo madereva wengine hapa, kwa hiyo nikaamuru kila jioni ifunguliwe iletwe chumbani kwangu, naiweka chini ya dirisha, nafunga mlango kwa ufunguo, na bado asubuhi imekufa. Kama haimalizi mchana makusudi, ni nini basi? Nikimwita mwizi mbele ya majirani anasema, "Maman, mi sijaiba kitu. Muchana yote gari inawaka bila shida, ulizia bantu ba Bugarama." Nimewauliza, nao wanasema ni kweli inawaka, bila shaka amewahonga. Mimi mwenyewe usingizi sina, mshauri, binti yangu Zaituni ameolewa ng'ambo, huko huko Bukavu, na tangu Agosti sijasikia lolote, nimeunga redio na taa ndogo kwenye hiyo betri, nasikiliza mpaka napitiwa na usingizi redio ikiwa bado inaongea, majirani nao wanakaa dirishani wasikie habari za Bukavu, halafu niamke nikute na gari limenigomea? Nimfukuze tu, au nianze na polisi?

Zulaikha, Kamembe

Dada Zulaikha, pole kwa binti yako. Hiyo pole ni ya kweli, ishike vizuri, maana baada ya hapa sina nyingine.

Soma barua yako mwenyewe. Mchana kutwa gari linawaka, maana yake betri ni nzima na dinamo inaijaza njiani. Jioni inaingia kwako ikiwa hai. Asubuhi inatoka imekufa. Mlango umeufunga wewe, ndani mko wawili tu, wewe na betri, na mwizi unamtafuta uani? Betri ya gari kazi yake ni kuwasha injini. Wewe umeipa redio na taa mpaka kunakucha, mtaa mzima unapata habari kwa moto wa Hilux, kisha unauliza moto umekwenda wapi.

Nimekasirika, wala sifichi. Usiku mmoja bila waya wowote ungekuonyesha ukweli. Badala yake umemwita mtu mwizi mbele ya majirani walewale wanaofaidi redio yako, na waliomtetea umewaita wala hongo. Angekuwa mzaliwa wa Kamembe ungemtuhumu haraka hivyo? Jijibu mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Mpelekee fundi betri aijaze na atazame maji yake, kwa sababu kuikausha kila siku kumeanza kuiharibu. Jioni iache bila waya hata mmoja. Redio inunulie mawe yake, zile betri ndogo, na taa iwe ya mafuta. Asubuhi Muderhwa aifunge na kuwasha, majirani wakiwepo. Gari likiwaka, mwombe radhi hapo hapo, kwa sauti ileile uliyomtukania. Likigoma, betri irudi kwa fundi, na polisi waache na kazi zao.

Na Jumamosi usimguse. Unamfukuza aende wapi, kwenye vita hivyo unavyovisikiliza? Kila jioni unakaa kwenye redio ukiomba awepo mtu ng'ambo aliyempa Zaituni chumba. Mama yake Muderhwa yuko kule na anaomba hivyo hivyo, awepo mtu huku aliyempa mwanawe chumba, na mtu huyo ni wewe.