Alama Nyekundu ya Bwera

Dada Biira,

Natumai kahawa yenu huko Kyondo imekauka. Hapa Bwera mvua haikomi. Leo Mukongomani mmoja, mama muuza samaki wa chumvi, amenikaribisha chai kibandani kwake. Ukutani kuna ile alama nyekundu tunayopaka vibanda vitakavyobomolewa.

"Mvua ilifuta," akasema, "nikapaka tena mimi mwenyewe, musinisahau."

Notisi ya ofisi yetu ya mipango miji ilisema soko "litaboreshwa", naye akaelewa kwamba wenye alama watajengewa vibanda vipya. Nikamwambia ukweli. Akaniongezea chai, ndipo akauliza ni nani aliyeandika vile.

Niliandika mimi, dada. Nikanywa chai yake.

Nibusie watoto. Wakiuliza mjomba wao anafanya kazi gani, waambie anabomoa.

Kaka yako,
Baluku