Kofia Isiyofuliwa

Kijiji cha Ujamaa Mwongozo,
Urambo.
6 Mei 1974

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umetulia katika eda yako na mguu umepungua maumivu. Mimi sijambo, isipokuwa vidole.

Jemadari ananing'ata. Uliponikabidhi nguchiro huyu baada ya arobaini ya babu, nilikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa nyumba yangu ya nyasi imepakana na ghala la tumbaku na nyoka huingia wapendavyo. Sasa nawaogopa nyoka na yeye pia. Nikimpelekea yai hulikwepa, akanidaka kidole. Mimi hupiga kelele na kukimbilia nje. Mganga wa zahanati amenichoma sindano, akaniuliza kama huko Tabora hatuna paka.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kasimiri, aliniona na kitambaa mkononi mbele ya watu wote. "Karani," akasema, "unamfuga mnyama, au mnyama anakufuga wewe?" Walicheka sana. Kisha akaacha kucheka: "Akimng'ata mwanakijiji, rungu litamaliza kesi."

Bibi, babu alikuwa akimtia kwenye mkono wa kanzu yake na kwenda naye sokoni. Alifanyaje?

Mjukuu wako mtiifu,
Abbasi

Isevya, Tabora.
14 Mei 1974

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mguu unaniuma asubuhi tu, kukiwa na baridi. Usiucheke mwandiko wangu, ni wa kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu mwenyewe ana haraka.

Sasa sikiliza. Unapokimbia, Jemadari anajifunza kwamba jino linafukuza watu, kwa hiyo kesho atauma zaidi. Akikushika usivute mkono. Usimpige. Tulia mpaka aachie. Mpe yai kwa kijiko kwanza, ukiwa umeketi chini, maana akikuona umesimama wewe ni mti wenye miguu. Ongea naye polepole. Babu yako alikuwa akimsimulia bei za vitu.

Naye pia ana msiba, Abbasi. Kila jioni alikuwa akienda mlangoni kumngoja mwenyewe. Mimi nikimgusa alininusa, akaona siye, akauma. Ndiyo maana nilimpa ule msuli wa babu alalie. Umo katika sanduku lake la kulalia? Asiukose.

Bibi yako,
Kuluthumu

Mwongozo, Urambo.
22 Mei 1974

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuombea afya. Mimi sina raha na sijui nianzie wapi.

Msuli niliufua. Niliufua siku ile ile niliyofika. Najua nguo ya marehemu hufuliwa kabla ya kutolewa, na ule ulikuwa umejaa jasho, nikadhani umesahau kwa majonzi. Nilitumia sabuni ya mche, nikausuuza vizuri na kuuanika juani. Nilitaka kukusitiri. Jemadari aliunusa, akauzunguka, akauburuta nje ya sanduku. Tangu hapo analala kwenye mbao tupu.

Na kuna jingine. Jana Mzee Kasimiri alikuja kupanga siku ya soko la tumbaku, akaingiza kidole kwenye wavu wa sanduku akisema, "Hebu tumwone huyu Jemadari asiye na jeshi." Alitoka na damu. Amesema siku ya kufungua soko atakuja na rungu lake, na wanunuzi wasimkute mnyama huyo hapa kijijini.

Yai analichukua kwenye kijiko. Mkono wangu bado hautaki.

Nisamehe, bibi.
Mjukuu wako, Abbasi

Isevya, Tabora.
28 Mei 1974

Abbasi,

Nimepokea barua. Sikuwa nimesahau.

Nguo zote za babu yako zilifuliwa na kugawiwa inavyotakiwa. Niliacha vitu viwili tu na jasho lake. Msuli ulikuwa wa Jemadari. Kofia ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiiweka chini ya mto.

Nimempa Nassibu wa reli akuletee hiyo kofia, kwa kuwa mimi sitoki. Mtandikie mnyama.

Usiifue.

Bibi yako

Mwongozo, Urambo.
19 Julai 1974

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Nilikuwa naogopa kukuandikia habari kabla haijawa kweli.

Nilipoiweka kofia sandukuni, Jemadari aliinusa muda mrefu. Akatoa kisauti chembamba ambacho sijapata kukisikia, akajikunja ndani yake, akalala kutwa. Nikawa naketi chini kila jioni, kijiko mkononi, nikimsimulia bei za tumbaku. Baadaye nikaweka mkono chini ya kofia. Aliuma. Sikuvuta, bibi. Nilisoma Kulhuwallahu kimoyomoyo mpaka akaachia. Akalamba pale alipouma.

Siku ya soko Mzee Kasimiri akaja na rungu, akanikuta mezani. "Karani, mbona mkono mmoja umenenepa?" Mkia wa Jemadari ukachungulia kwenye mkono wa shati langu. Akatazama sana. Akasogeza kidole, kisha akakirudisha haraka mfukoni. "Haya, mwache. Lakini mikutanoni asihudhurie."

Sasa analala juu ya shati langu kuukuu kwa hiari yake, kwa hiyo nakurudishia kofia kwa mkono wa Nassibu. Sikuifua. Ila nakuandikia hili kwa hofu: ameilalia wiki nyingi, na nilipoinusa nilipata nguchiro mtupu. Harufu ya babu sikuipata. Umetoa kitu chako cha mwisho, nami nimekirudisha hivi.

Mjukuu wako,
Abbasi

Isevya, Tabora.
2 Agosti 1974

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Eda imekwisha, nimeoga, nimetoka mpaka kwa jirani, na mguu umenibeba.

Kofia imefika. Nilikaa nayo magotini kwanza bila kuifungua, kwa ajili ya maneno yako. Halafu nikainusa.

Abbasi, hivyo ndivyo alivyokuwa akinuka! Tangu amfuge yule mnyama mkononi mwa kanzu, alikuja kitandani na harufu hiyo nami nikimgombeza akaoge. Sikukuambia kwamba kofia ilikuwa imeanza kunuka mto wangu. Nilikuwa nainusa usiku na kumkosa. Wewe na Jemadari mmemrudisha.

Ikianza kufifia tena nitapanda garimoshi niilete mwenyewe, ailalie kidogo. Mwambie Mzee Kasimiri anakuja mwenye mnyama, na vidole vyake avitunze.

Bibi yako,
Kuluthumu