Theluji ya Juu ya Bati

Kaka yangu Ludger,

Natumai baridi ya huko kwenu haijakushinda. Sisi wazima, ila mimi usingizi sipati.

Tunamchagulia Jule ukumbi wa mashindano ya kuruka viunzi, maana majira haya nje farasi hapandiki. Nimezunguka kumbi zote za karibu. Kila nikiingia naukanyaga mchanga kuona kama unateleza, kisha nakaa kimya nasikiliza paa. Jule ananicheka: "Mama, farasi haruki darini."

Mimi naupenda ukumbi wa Ramsloh. Paa lake ni la vigae, theluji inatulia palepale. Ule wa Holtbeck ni wa bati, na unajua theluji ilivyoporomoka siku ile kwa kishindo, farasi akashtuka akamwangusha mume wangu, na Engelbert hajasimama kwa miguu yake tangu hapo.

Jana mezani nikasema, "Ramsloh."

Engelbert akaweka kijiko chini. "Tunaenda Holtbeck. Nataka theluji iporomoke nikiwa nimekaa palepale nilipoanguka, na mwanangu aendelee kuruka."

"Na akianguka?"

"Hedda, mwongeze mtoto supu."

Safari hii Jule hakucheka. Alisema tu, "Sawa, Baba."

Basi ni Holtbeck, Jumamosi. Nakuomba uje alfajiri, kabla hawajaamka, na ile ngazi yako ndefu na reki. Tutaikwangua theluji yote ya juu ya bati lile, mimi na wewe. Engelbert asijue.

Dada yako anayekusubiri,
Hedda