Nyayo za Mwana Mpotevu

Haarlem, wiki ya pili baada ya Pasaka

Mdogo wangu mpendwa Joost,

Salamu nyingi zikufikie huko Antwerp, zikukute mzima na umeshiba. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa. Mimi kaka yako nina habari iliyonichekesha mpaka nikamwaga wino.

Unajua, tangu uikatae kazi ya kuchonga ukaenda zako kupaka rangi, Baba alipiga marufuku jina lako humu ndani. Basi wakati wa baridi muuza picha mmoja akaagiza bamba la shaba la kupigia chapa picha ya mwana mpotevu. Baba akalichonga peke yake, mlango kaufunga. Siku moja nilichungulia nikamwona yule kaka mkubwa amesimama kizingitini, kanuna, na sura ni yangu tupu. Nikasema moyoni, ahsante sana Baba.

Jana tukapiga chapa ya kwanza. Wouter, kibarua wetu, alizungusha mtambo, tukabandua karatasi, na sote tukashusha pumzi. Pichani mzee kamkumbatia mwanawe aliyepiga magoti, kofia mkono wa kulia. Muuza picha akaanza kusugua viganja. Lakini Baba alibadilika rangi, akafoka kwamba kazi imeharibika na bamba litachongwa upya. Wouter akamwuliza, "Mzee, imeharibika wapi? Mbona inapendeza?" Baba akapiga meza: "Huyu si mwanangu! Mwanangu hushika kofia kwa kushoto!"

Fundi mzima, anayetukaripia kila siku kwamba chapa hugeuza kushoto kuwa kulia, amekuchonga vile vile anavyokukumbuka ukitoka mlangoni, akasahau kugeuza! Mama ndiye aliyeanza kucheka, machozi yakimtoka. Akamwambia, "Haya mume wangu, umejisema mwenyewe." Baba akajifanya anatafuta kitambaa, kisha naye akashindwa, akacheka.

Sasa anachonga upya. Nyayo za mwana aliyepiga magoti ameziacha bila kuzichonga. Anasema hachongi nyayo za kubuni. Hakuniambia nikuandikie, ila asubuhi hii alinichongea kalamu hii, akaiweka mezani, akaondoka.

Nami nimekukumbuka mno, mtoro wee. Ndama aliyenona hatuna, lakini Mama amekwisha kununua samaki wa chumvi. Njoo upesi. Na ukifika usinawe miguu: Baba anataka na vumbi la njiani.

Wote wanakusalimu, hata asiyesema.

Kaka yako wa kizingitini,
Krijn